Nyumba ya Kimombasa Dongobesh

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yangu mimi ilikuwa mume. Yeye ni mtu wa Dongobesh, huko milimani Mbulu, wa ukoo wa wenye maduka ambao babu yao alikuja kutoka Kondoa na marobota ya vitambaa, akasahau kurudi. Mimi nimezaliwa Mombasa, Mji wa Kale, ambako mtu akisema leo kuna baridi ana maana kwamba feni haikuwashwa. Tulikutana Arusha, kila mmoja akiwa na shughuli zake, na kabla sijajua vizuri Dongobesh iko upande gani, nilikuwa nimeshashushwa stendi na masanduku yangu, mwezi wa saba, nikitetemeka. Mama mkwe alinitazama vidole vya miguu vilivyochungulia kwenye makubadhi, akamgeukia mwanawe akasema, "Huyu kwao hawana soksi?"

Kwenye karatasi za uhamiaji mimi ni mgeni mkaazi, na kwa kweli hata bila karatasi ningejulikana. Miaka yote tuliyokaa vyumba viwili nyuma ya duka sikuacha kulalamika. Mume wangu ni mtu mpole ambaye dawa yake ya kila ugomvi ni kukumbuka kuna mteja anamsubiri. Kwa hiyo malalamiko yangu yaliishia kwa mashuka, soksi na ukuta.

Wakwe zangu walipotangulia mbele ya haki, nyumba yao ikatuangukia sisi. Ilikuwa nyumba ya matofali ya udongo, bati limepauka, madirisha madogo kiasi kwamba ukitaka kutoa kichwa inabidi kwanza uamue ni sikio gani litangulie. Nyuma kulikuwa na jiko la kuni, jeusi tititi kwa masizi ya tangu enzi. Ningeiacha hivyo hivyo, tukaipangisha, kama si simu ya kutoka Mombasa.

Mama yangu alikuwa ameteleza bafuni. Hakuvunjika, alhamdulillahi, lakini alikaa chini pale sakafuni mpaka jirani wa juu aliposhuka kuuliza mbona bomba linamwaga maji. Tulizaliwa wawili tu, mimi na mdogo wangu, naye yuko Uarabuni kikazi. Mama alikuwa anaishi peke yake katika nyumba iliyotulea, na kila nilipomwambia aje kwangu alikuwa na jibu moja, kwamba yeye si samaki wa kuwekwa kwenye friji. Safari hii akasema, "Haya. Nitakuja kuangalia. Nikiona siwezi, narudi kwangu, na msinibembeleze tena abadani."

Namjua mama. Akisema abadani ni abadani. Nilikuwa na nafasi moja tu, na nikaamua kwamba mama akifika Dongobesh asijue kama ameondoka Mombasa. Nitaigeuza ile nyumba.

Msomaji ataniuliza kama nilikuwa sijui kuna baridi. Nilikuwa naijua kuliko wenyeji. Lakini nilikuwa na nadharia yangu, na mtu mwenye nadharia hapashwi habari. Niliamini kwamba baridi ya huku inaletwa na nyumba zenyewe. Watu wamejifungia, jua haliingii, hewa haitembei, basi baridi inakaa ndani kama mpangaji asiyelipa. Fungua nyumba, jua litaingia, baridi itaondoka yenyewe. Mume wangu niliyemweleza haya alisema kuna mteja dukani.

Fundi tuliyempata alisoma darasa moja na mume wangu, kwa hiyo mimi nilikuwa shemeji yake. Kwao ni Tumati, na Tumati ndiko alikokwenda kila kazi iliponoga. Akiwa hayupo ujue yuko Tumati, kuna msiba, kuna ng'ombe anazaa, au kuna mnada. Akirudi, hakuna neno la kazi mpaka salamu ziishe: za nyumbani, za duka, za watoto ambao alijua fika kwamba sina, za Mombasa kwa jumla. Siku ya kwanza nilimkatiza salamu nikamwonyesha ukuta wa kuvunja. Aliutazama ule ukuta kwa upole, kisha akaanza tena kutoka mwanzo, "Shemeji, umeamkaje?" Nikajifunza kuamka vizuri.

Sifa yake nyingine ni kwamba hakuna alichokikataa. Nilimwambia nataka madirisha makubwa, kutoka kiunoni mpaka juu ya kichwa, upande wa mashariki ambako upepo unatoka.

"Upande wa upepo," alirudia.

"Huko huko. Na juu ya kila dirisha matofali ya matundu, hewa ipite mchana na usiku."

"Ipite."

"Na baraza nje. Na sebuleni utanitundikia feni."

Hapo macho yake yalimetameta. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa na hamu ya kutundika feni maisha yake yote, na hakuna mtu wa Mbulu aliyewahi kumpa nafasi hiyo. "Shemeji," alisema, "hiyo sasa ndiyo kisasa."

Kwa upande wa baraza nilimtumia picha kwenye simu. Ni picha ya nyumba yetu ya Mombasa, na mbele yake lile benchi refu la mawe na chokaa lililoungana na ukuta, ambalo watu wa kwetu hukalia jioni kupunga upepo na kusema wapitao. Nilimwambia nataka hii hii, kama ilivyo. Aliikuza picha kwa vidole viwili, akaizungusha simu, akapima hewa kwa mikono, akasema hamna shida.

Nikaenda Katesh kutafuta vigae vya sebuleni, nikalala kwa wifi yangu. Niliporudi baraza lilikuwa limekwisha, limepigwa plasta laini kama kaimati. Ila upande wa kushoto liliinama. Halikuinama kidogo, ungeweka chungwa lingefika barabarani. Nilipiga kelele. Fundi alikuja taratibu, akanisalimia, akatoa simu yake. Kwenye picha, baraza letu la Mombasa upande wa kushoto limedidimia, kwa sababu lina umri mkubwa kuliko serikali na bomba la maji machafu lilipasuka chini yake nikiwa shule. Mimi nimeliona hivyo maisha yangu yote, nikawa silioni tena. Yeye aliliona. Alikuwa amepima ule mteremko kwa kamba, akaujenga kwa pima maji, kwa uangalifu ambao hajawahi kuuonyesha kwenye kitu kilichonyooka.

"Nilijua ni mtindo wa kwenu," alisema. "Ilinisumbua sana, shemeji. Kunyoosha ni rahisi."

Nilitaka kugomba, lakini nitamgombeza nini mtu aliyefanya nilichosema? Nikaingia ndani nikacheka peke yangu mpaka mbavu zikauma.

Jiko la kuni nililivunja mwenyewe, yaani nilisimama nikaamrisha. Siku hiyo alikuja jirani yetu wa upande wa pili wa uzio wa minyaa, bibi mmoja Mwiraqw, mwembamba, mwenye shuka begani na kicheko kisichokawia. Nilimpa shikamoo, akaitika marahaba. Aliyatazama madirisha yangu mapya kwa muda.

"Hii nyumba iko na macho mingi," alisema. Kisha akaelekeza kidole kwenye kifusi cha jiko. "Moto iko wapi sasa?"

Nikamwonyesha mtungi wa gesi na jiko lake la kioo, jekundu, jipya. Nikawasha, nikazima, nikawasha. Aliinama akauangalia ule mwali wa bluu, akauliza, "Watu wanakaa wapi?"

"Hawakai, bibi. Unapika tu, unaondoka."

Alicheka akashika ukuta. Akaenda kwake, na kupitia minyaa nikamsikia akihadithia mtu, kwa Kiiraqw, na yule mtu naye akicheka. Nilikasirika. Nilijiambia watu wa huku hawana ujuzi wa mambo ya stara, jiko si mahali pa kukaa, na mama yangu hakuja duniani ili avute moshi.

Feni ilizinduliwa siku ya mnada, bila mtu kupanga. Fundi alikuwa ametangaza. Watu waliopita kutoka kuuza mbuzi waliingia kuangalia, wazee na fimbo zao, akina mama na vikapu, mwalimu mmoja aliyehamishiwa kwetu kutoka Lindi ambaye machozi yalimlenga alipoiona. Nilichemsha chai ya iliki na tangawizi. Fundi alibonyeza kitufe kama mtu anayefungua daraja. Feni ikaanza kuzunguka polepole, halafu kwa kasi, na kutoka kwenye madirisha ukaingia upepo mwingine kuupokea ule wa juu, na matundu yakapiga mluzi. Wageni wangu walivuta mashuka mpaka puani. Hakuna aliyetoka. Walikaa kimya, kwa adabu kubwa, wakitazama juu, huku chai ikipoa mikononi mwao kabla haijafika mdomoni. Mwishowe mzee mmoja aliuliza kwa heshima kabisa, "Mama, hii inatibu nini?"

Mwalimu wa Lindi ndiye aliyejibu. Alisema kwao kuna joto. Mzee akampa pole.

Nyumba haikupata joto. Nasema ukweli, jua liliingia kama nilivyotabiri, likakaa sakafuni likitazamana na baridi, na saa sita likaondoka likaiacha baridi palepale. Lakini ilikuwa nyeupe, yenye hewa, imepakwa chokaa nje na rangi ya bahari ndani, na ukifumba macho, ukavaa makoti mawili, ungeweza kudhani uko Mombasa. Mimi nilifumba.

Mama alifika mwezi wa saba. Kwa nini sikumwambia asubiri mpaka wa kumi, hilo muulizeni Mungu. Alishuka kwenye basi na buibui lake jepesi, makubadhi, na kapu la nazi, akanitazama midomo ilivyopasuka, akasema, "Mwanangu, umefungwa jela?" Nilimvika koti la mume wangu juu ya buibui. Njiani alikuwa anahesabu, nadhani, ni basi gani linarudi.

Tulipofika nyumbani, fundi alikuwa amevaa shati la kanisani, amesimama kando ya baraza lake akisubiri. Mama alisimama. Akalitazama lile baraza kutoka kulia hadi kushoto. Alipofika kushoto akafungua mdomo.

"Mpaka ule upande uliodidimia?"

Akacheka. Alicheka mpaka ushungi ukamwangukia mabegani, akampa fundi mkono, akamwambia kwa miaka mingi baba yetu alikuwa akiahidi kulitengeneza. Moyo wangu ulijaa. Nikajua nimeshinda. Kisha mama akakaa juu ya saruji, na akainuka upesi kuliko alivyoinuka kwa miaka mingi, akijishika nyuma. "Mawe haya yamelazwa kwenye barafu?" alisema, na tukaingia ndani.

Ndani alisema mashallah. Alisema mashallah kwa madirisha, kwa vigae, kwa matundu, akizidi kujikunyata kila chumba. Nilipomwashia feni alisema mashallah, izime. Usiku huo nilimpa mablanketi yote ya nyumbani, na asubuhi nilimkuta amevaa kila nguo aliyokuja nayo, amekaa kitandani wima kama mzigo uliofungwa tayari kwa safari. Nilimwuliza kama amelala. Akaniuliza basi la Arusha linaondoka saa ngapi. Alisema anauliza tu.

Siku zilizofuata nilipigana. Niliziba matundu kwa magunia, nikatandika mikeka juu ya vigae, nikapika wali wa nazi na samaki wa Ziwa Babati aliyejitahidi kuwa wa bahari. Mama alikula, akashukuru, akasema mkono wangu haujapotea. Lakini nilimwona akitazama saa, na nilipompa simu aongee na mdogo wangu alimwambia, "Ndiyo, nimeshaona. Panapendeza." Mama yangu hasemi mahali panapendeza isipokuwa mahali anapoondoka.

Asubuhi moja nilitoka dukani kumletea soksi za sufu, nikamkosa. Chumbani hayupo, barazani hayupo, chooni hayupo. Nilitoka mbio mpaka stendi, ndala mguu mmoja. Makondakta walinihakikishia hakuna mama wa pwani aliyepanda. Nilirudi nyumbani, nikamkuta fundi kwenye ngazi akirekebisha bati la ukingo. Bila kushuka, alinisalimia, na mimi bila kupenda nikaitikia, na ndipo akanyoosha nyundo kuelekea upande wa pili wa minyaa.

Nilisikia kicheko kabla sijafika. Vilikuwa viwili.

Jiko la jirani lilikuwa giza, lina moshi, na joto lake lilinigonga usoni mlangoni. Katikati moto wa magogo. Upande mmoja yule bibi. Upande wa pili, juu ya kigoda, amejifunga blanketi jekundu la mistari lisilo lake, masizi shavuni, akichambua maharage, mama yangu. Mama yangu ambaye Mombasa akipita paka anavuta nguo, alikuwa na ndama kamlalia kichwa mapajani. Ndama anayelamba buibui.

"Mama!"

"Piga hodi," alisema mama. "Na umpe mwenzio shikamoo."

Nikatoa shikamoo. Bibi akaitika, akanimiminia maziwa kutoka kwenye kibuyu. Nilibaki nimesimama nikiwatazama. Bibi aliongea Kiiraqw na Kiswahili cha kuokoteza, mama akaongea Kimvita chake, na kila mmoja aliitikia mwenzake kama kwamba kila kitu kimeeleweka. Niliwauliza wanaongea nini. "Watoto," alisema mama. "Yeye wake wanne, wote wajuaji."

Tangu siku hiyo mama alikuwa akinywa chai kwangu na kuishi kwa jirani. Anatoka asubuhi, anarudi jioni ananuka moshi kama samaki wa kubanika, amechangamka, anajua nani kaoa, nani kaibiwa vitunguu, ndama kaharisha. Na mimi nilibaki na feni yangu. Nilikuwa na wivu, sifichi. Nilivumilia, nilivumilia, halafu siku moja ya mawingu nikapita kwenye minyaa, nikasimama mlangoni mwa lile jiko. Bibi alikuwa ameenda kuteka maji. Mama alikuwa peke yake na ndama.

"Nyumba nzima nimekujengea wewe," nilisema. "Kila dirisha. Rangi nimeichagua kwa ajili yako. Umekataa hata kuikalia."

Mama alichochea moto kwanza. Alikuwa hana haraka.

"Hukunijengea mimi," alisema. "Umejijengea wewe. Wewe ndiye unayeililia Mombasa. Mimi joto nimelila maisha yangu yote, limenitosha. Unajua nilikuwa nakaa na nani pale barazani? Hakuna. Walioketi nami wamekufa, na waliobaki wamehamishwa na watoto wao. Nilikuwa nakaa na upepo."

Kweli nilikuwa silijui hilo. Mimi kila nilipolifikiria lile baraza lilikuwa limejaa watu.

Simu yake ikalia. Alikuwa dada yake, mama mdogo wetu wa Kisauni, ambaye huongea kwa sauti inayofika bila mtandao. Nilimsikia akiuliza kama amejiandaa, kuna mtu anatoka Arusha wiki ijayo na gari, atampa nafasi ya mbele. Nilishika mwimo wa mlango. Nilikuwa naomba, kwa maneno yale tunayoomba tukiwa wadogo.

"Nyumba?" mama alimjibu. "Nyumba mbaya, dada, usiniulize. Upepo unapita kama barabarani. Kijana wa watu kajenga vizuri, ila aliyemtuma hana akili." Akasikiliza. "Baridi? We, inakata mfupa." Akasikiliza tena, akakishika kichwa cha ndama kilichotaka kumtafuna ushungi. "Hapana. Mwambie huyo wa gari aende na mzigo wake. Na ile nyumba yangu ipangishe. Eee, umenisikia. Ipangishe, mwaka mzima. Sasa nikirudi huko nitachambua maharage na nani?"

Alikata simu, akaiweka chini ya blanketi. Mimi nilikuwa nimeshaanza kulia, na nililia kweli kweli, kamasi na machozi, kwa furaha, kwa haya, na kwa uchovu wa kuwa mgeni miaka yote hiyo.

"Unalia nini?" mama aliuliza.

"Moshi."

Alinitazama. Akamsukuma ndama kando kwa goti, akavuta kigoda kutoka ukutani.

"Basi kaa upande huu," alisema. "Huku haufiki."